Nashona vazi la mabawa kwa vitambaa vya kaiti: matundu ya hewa niyaweke wapi?

FundiKaiti_Jambiani

Assalaam alaykum. Mie fundi wa kushona, nipo Jambiani, Unguja, na kazi yangu kubwa ni kutengeneza kaiti, yale matiara makubwa yanayomvuta mtu juu ya ubao baharini, zinazochanika kule Paje. Zinapofika kwangu huwa zimepasuka kwenye matumbawe, au mshono wa bomba la mbele umeachia, au jua limekula kitambaa mpaka ukikivuta kwa vidole unasikia kinalia. Kaiti isiyotengenezeka tena mwenyewe huniachia. Kwa hiyo chumba changu cha nyuma kimejaa vitambaa vya kila rangi, vyepesi, vyenye vile vijisanduku vya uzi mzito vinavyozuia mpasuko usitembee, na vimepakwa dawa ili hewa isipenye. Kila nikivitazama nawaza jambo moja tu, vazi la mabawa.

Kwa asiyelijua: ni suti ya mwili mzima. Kuna bawa kati ya kila mkono na ubavu, na bawa la tatu kati ya miguu. Mtu akiruka kutoka kwenye ndege, hewa inaingia ndani ya mabawa kupitia matundu, mabawa yanajaa, na badala ya kudondoka wima anakwenda mbele. Kila akishuka mita moja anakwenda mbele mita mbili na nusu, na wazoefu wenye mavazi makubwa hufika tatu. Mwisho anafungua parachuti na kutua nayo. Vazi lenyewe halitui.

Bawa la kulia nimeshalishona. Pateni nilikata kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Mke wangu alinipima nimenyoosha mikono, kutoka kwapa mpaka kifundo cha mkono, na kutoka kwapa mpaka nyonga. Bawa lina matabaka mawili, la juu na la chini, na kati yake nimesimamisha mbavu za kitambaa ili likijaa liwe nene mbele na jembamba nyuma. Mishono ya pembeni nimeikunja mara mbili, na kila kona inayovutwa nimepiga zigizaga juu ya kipande cha ukanda. Nikilishika mlangoni upepo ukivuma, linajaa na kunivuta mkono. Sijawahi kushona kitu nikakipenda kama hiki.

Sasa naomba msaada. Kwanza kitambaa: kaiti ni polista, na mavazi ya dukani nasoma kwamba mengi ni nailoni. Kuna sababu ya kweli, au ni mazoea ya viwanda tu? Pili matundu. Picha nyingine zinaonyesha yapo mbele chini ya mkono, nyingine yapo karibu na kifua. Nikiyaweka makubwa bawa linajaa upesi, lakini naona nakata pale pale panapotakiwa kuwa laini. Tatu, nitalijaribu vipi bila ya mtu kuruka? Mie kuruka sina haraka nako, nataka kwanza nijue kwamba nilichoshona ni sahihi.

Kuna la nne, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Vijana wa barazani wanasema tupande mnara wa simu usiku, mmoja alivae, aruke. Nimekataa. Lakini mmoja wao ni mtoto wa dada yangu, ana miaka 19, na namuona macho yake kila akiingia chumba cha kushonea. Kumwambia "hapana" peke yake hakutoshi. Nipeni hesabu nimuonyeshe.

Maalim_wa_Mjini

Wa alaykum salaam fundi. Mie nasomesha fizikia skuli ya sekondari hapa Mjini. Naanza na la mnara, mpwa wako asisubiri.

Tuchukue mnara wa mita 50. Mtu akijiachia kule juu anafika chini kwa sekunde tatu na kidogo, na hapo mwendo wake ni karibu kilomita 100 kwa saa. Vazi la mabawa huruka likiwa kwenye kilomita 150 kwa saa na zaidi, na mwendo huo linaupata kwa kudondoka kwanza. Yaani ardhi itamfika kabla bawa halijaanza kazi. Na parachuti haina nafasi ya kufunguka. Mnara hauna hata upana wa kumuepusha na nyaya zake mwenyewe. Mwambie pia kwamba Unguja nzima haina mahali pa jambo hili: Masingini, ambako ndiko juu kabisa, hakufiki mita 150. Wengi wa wanaoruka kwa mchezo huu hutoka kwenye ndege wakiwa juu kiasi cha mita 4,000, na parachuti huifungua wangali zaidi ya mita 1,000 kutoka chini.

Pili, nguvu ya upepo. Haiongezeki sawasawa na mwendo, inaongezeka kwa mraba wake. Mwendo ukiwa mara mbili nguvu ni mara nne, mwendo ukiwa mara nne nguvu ni mara kumi na sita. Kusi nzuri ya Paje ni noti 20, tuseme kilomita 37 kwa saa. Upepo huo ukigonga mita moja ya mraba unaisukuma kwa kiasi cha kilo 6 na nusu. Upepo wa kilomita 160 kwa saa unaisukuma mita hiyo hiyo kwa kilo 120. Bawa lililokuvuta mkono pale mlangoni lilionja sehemu ndogo sana ya kinacholingoja.

Lakini hapo hapo pana njia ya kulijaribu. Tengeneza mwanasesere, mvike vazi, mfunge kwenye fremu mbele ya kusi, na kila kifundo cha mkono kifunge kwenye mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki. Waombe watu wa kaiti kipima upepo. Utakuwa na namba: upepo huu, kulia kilo kadha, kushoto kilo kadha. Kama upepo ni noti 20, zidisha kwa 18 au 19 upate makisio ya kilomita 160. Kisha bawa ligeuze tumbo juu, lilaze kwenye meza mshipi wa bega ukiwa umefungwa, ulipakie mchanga kwa kilo hizo. Watengeneza ndege nao hupakia mabawa mizigo namna hii kabla ya rubani kupanda.

Na mpwa wako msimulie habari za fundi mwenzako. Franz Reichelt alikuwa mshonaji nguo Paris, akashona vazi la parachuti la kuvaa mwilini. Alipata ruhusa ya kulijaribu kwenye mnara wa Eiffel kwa mwanasesere. Tarehe 4 Februari 1912 alipofika pale akasema ataruka mwenyewe. Aliruka kutoka ghorofa ya kwanza, mita 57, mbele ya kamera. Vazi halikufunguka, akafa hapo hapo. Mita 57, fundi. Ni karibu sawa na ule mnara wa mita 50 niliouchukua kwenye hesabu.

Sisi Waislamu tuna wa kwetu pia. Al-Jawhari, mwanachuoni aliyetunga kamusi kubwa ya Kiarabu inayotumiwa mpaka leo, anasimuliwa kwamba alijifunga mabawa ya mbao huko Nishapur zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, akaruka kutoka juu ya msikiti, akafa. Abbas ibn Firnas wa Cordoba, karne ya 9, yeye inasemwa alipaa masafa kidogo, akaumia mgongo kwenye kutua, na walioisimulia habari yake wakasema hakujitengenezea mkia. Kwa hiyo bawa la miguu usilifanye la mwisho. Lisipokuwepo vazi halina cha kulituliza.

MkunjaParachuti

Kaka, salaam kutoka Dubai. Mie mzaliwa wa Wete, na huku kazi yangu ni kukunja parachuti za warukaji. Mavazi ya mabawa nayapokea mkononi kila siku, na naruka pia, kwa hiyo soma kwa utulivu.

Nailoni inanyumbuka kidogo kabla ya kukatika, ndiyo maana mshtuko wa ghafla inaumeza. Polista inashika umbo lake vizuri na haivutiki sana, si kitambaa kibaya. Tatizo la kaiti ya zamani ni jua. Kata kipande, kibane kwenye midomo, puliza kwa nguvu zako zote. Kitambaa kizima kitakuzuia pumzi kabisa. Kilichochoka utahisi uvuguvugu wa pumzi yako kwenye kiganja upande wa pili. Hicho bawa lake litavuja hewa, na litavuja zaidi upande mmoja kuliko mwengine. Hapo mrukaji anaanza kuzunguka kama pia.

Matundu yaweke chini ya ukingo wa mbele wa bawa, pale hewa inapogonga kwa nguvu, ukingo wenyewe uuache laini. Na wasiwasi wako wa ukubwa una dawa. Kwa ndani shona kimlango cha kitambaa chepesi juu ya kila tundu: hewa ikiingia kinafunguka, ikitaka kurudi inakibana kinafunga. Ukishakuwa nacho tundu dogo linatosha, maana kinachotakiwa ni hewa iliyoingia ibaki ndani. Ukingo wa mbele juu ya mkono weka kitambaa kizito, ukipenda na povu jembamba, usikunjamane.

Kitu ambacho hukukitaja ni mikono, na hapo ndipo roho ya mtu ilipo. Kiparachuti kidogo kinachoivuta parachuti kubwa kinakaa chini ya mfuko wa mgongoni. Mkono wa kulia lazima urudi nyuma ya kiuno, ukikamate, ukitupe pembeni. Bawa likimbana kwapani hata kwa upana wa vidole viwili, hafiki. Akishafungua, lazima afungue zipu za mikono upesi ili anyanyue mikono ashike kamba za kuongozea. Zipu ikikwama kwa uzi uliotoka kwenye mshono, anatua bila ya kuongoza. Na mgongoni mwa mtu aliyevaa mabawa hewa inakuwa inajizungusha, kiparachuti kinaweza kubaki kimelala pale pale mgongoni. Ndiyo maana wa mabawa wanatumia kiparachuti kikubwa zaidi na ukanda mrefu zaidi kuliko warukaji wa kawaida.

Tazama waliotutangulia. Clem Sohn, Mmarekani, alikuwa ameshapaa mara nyingi na mabawa aliyojitengenezea kwa kitambaa na mabomba ya chuma. Aprili 1937, Vincennes, Ufaransa, aliruka, mabawa yakafanya kazi, kisha parachuti ikajisokota, na ya akiba nayo ikajisokota. Léo Valentin, Mfaransa, Mei 1956 karibu na Liverpool: bawa lake la mbao liligonga ndege wakati anatoka, akaanza kuzunguka, parachuti hazikumuokoa. Patrick de Gayardon ndiye aliyetupa haya mabawa matatu ya kujaa hewa tunayoyatumia. Alikufa Hawaii Aprili 1998, baada ya kuufanyia mabadiliko mfuko wa parachuti yake, na mabadiliko hayo yakaizuia parachuti isifunguke inavyotakiwa. Kaka, huyo bawa lake halikuwa na kasoro. Kilichomuua kilikuwa kazi ya sindano, upande wa parachuti.

Mwaka 1999 Jari Kuosma wa Ufini na Robert Pečnik wa Kroatia wakaanza kushona mavazi ya kuuzwa, na pamoja na vazi wakaweka mafunzo. Tangu hapo mchezo ukawa na utaratibu. Chama cha warukaji cha Marekani hakimruhusu mtu kuvaa mabawa kabla hajaruka mara 200 kwa parachuti ya kawaida. Mara 200 hizo ni za mkono kujua njia yake bila ya kufikiri. Leseni ya kwanza kabisa ni mara 25.

Kwa hiyo shona. Nakwambia shona, kazi yako ni nzuri na huku watu wanalipwa kwa ujuzi kama huo. Lakini vazi hilo livaliwe na mwanasesere, na mfuko wa parachuti usiuguse kwa sindano hata uzi mmoja mpaka umefundishwa na fundi wa parachuti mwenye cheti.

Mjukuu_Nungwi

Namuandikia babu yangu, mshona matanga wa hapa Nungwi. Nimemsomea yote mpaka hapa akasema andika.

Anasema: mwanangu fundi, tanga bapa halivuti. Tanga linavuta kwa kitumbo, na kitumbo hakitoki kwenye upepo, kinatoka kwenye mkasi. Kila ubale, yaani kila kipande cha tanga, unaukata na mviringo mdogo, ukiunganisha mbale zile mviringo ndio unaozaa kitumbo. Wewe unatumia mbavu, vyema, lakini tabaka la juu ulikate refu kidogo kuliko la chini, la sivyo mbavu zitasimama na kitambaa baina yake kitakuwa kinapiga makofi. Na kitumbo kikae mbele, karibu na mkono. Kikienda nyuma bawa litakuwa linasukumwa tu.

Anasema tena: mabawa mawili yakate pamoja, kitambaa umekikunja, mkasi mmoja upite mara moja, uzi wa kitambaa ukienda upande mmoja kwa yote mawili. Na kitambaa kikongwe na kipya usivitie kwenye kazi moja. Kimoja kitavutika, kingine kitakataa, na ngalawa itakuwa inakwenda upande kila siku na nahodha anamlaumu mshika usukani.

La mwisho anasema chukua nyuzi za sufu, urefu wa kidole, zibandike juu ya bawa zima upande wa juu na wa chini. Upepo ukipita uzi unalala. Ukiona uzi unatapatapa au unageuka kutazama mbele, hapo hewa imeliacha bawa. Na kule mbele utaona pahala nyuzi zinagawana, nyingine zinakwenda juu nyingine chini. Chini kidogo ya hapo ndipo utoboe tundu lako.

FundiKaiti_Jambiani

Wazee wangu, ndugu zangu, nimerudi na habari.

Bawa la kushoto na la miguu nimeyamaliza, na kusi ilipotulia kwenye nguvu moja tukatoka. Maji yalikuwa yamekupwa, tukaenda mbali na vigingi vya mwani vya kina mama, mchangani kabisa. Fremu ni ya mianzi, imefungwa kwa kamba za nazi, miguu yake imezikwa. Mwanasesere kiwiliwili ni gunia la mchanga, mikono ni mianzi iliyovikwa sponji. Mizani mbili nimeazima kwa wauza samaki. Kijana mmoja wa skuli ya kaiti alikuja na kipima upepo chake na akakaa nasi mpaka maji yalipoanza kujaa.

Upepo noti 19 mpaka 21. Kulia mizani ilisimama kwenye kilo 2. Kushoto ikawa inapanda kilo moja na nusu, inashuka, inapanda. Bawa la kushoto lilikuwa linajaa, linalegea kwenye pembe ya nyuma, linajaa tena. Nyuzi za sufu za upande wa kulia zimelala zote, za kushoto zile za karibu na ubavu zinazunguka. Nikakumbuka maneno ya Mkunja, nikaenda kulipigia magoti, nikalishika tabaka la juu nikaliweka mdomoni, nikapuliza. Pumzi ikapita. Tabaka lile la rangi ya chungwa lilitoka kwenye kaiti ambayo ilikaa juani msimu mzima bila ya kukunjwa. Kwa macho hulijui, rangi yake bado inang'aa. Nimelifumua, na mabawa yote mawili nimeyakata upya pamoja kama alivyosema babu, kutoka kwenye kaiti moja kubwa ambayo imepasuka katikati tu. Tulipotoka mara nyengine mizani zikasoma sawa, na nyuzi za sufu zikalala.

Matundu nimeyahamisha. Nyuzi zilionyesha mgawanyiko upo chini zaidi kuliko nilivyodhani, vidole vitatu chini ya ukingo. Vimlango nimevishona kwa kitambaa cha mwavuli, chepesi sana. Ukitia mkono ndani ya bawa lililojaa na upepo ukapungua ghafla, unavihisi vinajifunga kimoja baada ya kingine kwenye vidole. Bawa linabaki limesimama muda wa kutosha mtu kutembea kutoka upande mmoja wa fremu mpaka mwengine. Zamani lilikuwa linaanguka papo hapo.

Mpwa wangu ndiye aliyekuwa anasoma mizani na kuandika. Hesabu ya Maalim alifanya mwenyewe, kwa kalamu, kwenye daftari lake: kilo 2 mara 18 na nusu. Akaangalia ile 37, akaangalia mshono wa bega, akaniuliza, "Mjomba, huu utashika kilo 37?" Nikamwambia twende tukapakie mchanga.

Tumepakia. Bawa tumelilaza tumbo juu kwenye meza ya kukatia, mshipi wa bega nimeufunga kwenye boriti, na mpwa anapima mchanga kwa kopo kilo moja moja. Kwenye kilo 25 kitambaa kikatulia vizuri. Zilipofika 30 nikasikia mlio mdogo. Nikashika taa karibu: kwenye pembe ya kwapa, pale mishono mitatu inapokutana, tundu za sindano zilikuwa zimeanza kurefuka, kila moja imekuwa mstari mwembamba, na uzi unaonekana katikati yake. Uzi haujakatika. Kitambaa ndicho kinachopasuka kwenye tundu za sindano, moja ikielekea nyingine. Tulisimama hapo hapo tukautoa mchanga.

Mpwa wangu hajataja mnara tangu siku ile. Sasa anataka kujua kule Diani, Kenya, kozi ya kuruka ni kiasi gani, na anasema mara 25 si nyingi. Mama yake nimemueleza, amesema tutazungumza baada ya Ramadhani.

Swali langu sasa ni la ile pembe. Niongeze kitambaa mara mbili, au nibadilishe namna ya kushona?

Maalim_wa_Mjini

Mashaallah, fundi. Daftari la huyo kijana naomba siku moja nilione, wanafunzi wangu wa kidato cha nne wanalihitaji. Nyongeza moja: usitosheke na 37. Kufunguka kwa parachuti kunatikisa, na kuzunguka kunatikisa zaidi. Bega lipakie mpaka mara mbili ya hapo kabla ya kuliamini. Na huo mkia wa miguu nao upakie, usisahau.

Na kama mpwa atafika siku ya kuruka kweli, iwe huko Diani au pengine, aulize kwanza kama kituo kina kibali cha mamlaka ya anga ya nchi hiyo. Kwetu ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na Zanzibar ni chini yao pia kwa jambo hili.

MkunjaParachuti

Kaka, umefanya kazi ambayo watu wengi wenye mashine kubwa hawaifanyi.

Pembe usiiongezee kitambaa kwanza. Ukiongeza tu, mpasuko utahamia mwisho wa kile kipande ulichoongeza. Tundu zinarefuka kwa sababu ziko karibu karibu mno kwenye mstari mmoja, na mishono mitatu inakutana nukta moja. Fanya hivi: badilisha sindano, weka nyembamba kuliko unayotumia kwenye bomba la kaiti. Refusha hatua ya mshono. Mishono mitatu iachanishe, isikutane, kila mmoja uishie upana wa kidole kutoka kwa mwenzake. Kisha pitisha ukanda wa nailoni, ule wa mikoba ya mgongoni, kutoka mshipi wa bega, chini ya kwapa, mpaka mbavu ya pili, ili mzigo uende kwenye ukanda na kitambaa kibaki na kazi ya kushika hewa tu. Mwisho wa ukanda ukate mviringo, usiuache na pembe kali, na zigizaga ya kukaza ipigwe kwa kukatiza ukanda.

Ukimaliza pakia tena. Na kabla ya kupakia, wewe mwenyewe vaa vazi pamoja na mfuko wa kawaida mgongoni ukiwa umesimama chini, mikono umenyoosha, mpwa akushikie mabawa yavutike. Rudisha mkono wa kulia mpaka chini ya mfuko. Fanya mpaka ujue unafika kila mara bila ya kutazama. Ule ukanda mpya unapita kwapani, unaweza kukubana.

Kuhusu mpwa: kabla ya kozi ya kuruka, ajifunze kukunja. Kituo chochote kinahitaji wakunjaji, malipo ni kwa kila parachuti, na anayekunja anaijua parachuti kamba kwa kamba kabla hajaitegemea. Ile ya akiba hatoruhusiwa kuigusa, hiyo ni ya mwenye cheti peke yake, na kwa kanuni za Marekani inafunguliwa na kukunjwa upya kila siku 180 hata kama haikutumika. Lakini kubwa atafundishwa. Mama yake akikubali niandikie, nitamuelekeza pa kuuliza.

Wewe nitumie picha ya pembe ya kwapa kwa ndani, kabla hujaifumua. Weka rula pembeni niione hatua ya mshono, na uniandikie namba ya sindano na unene wa uzi.